Mjomba anasema hivi si vinyago: jibu kwa mchongaji kijana wa Mwenge

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nachonga Mwenge, Dar es Salaam. Kazi nimefundishwa na mjomba wangu tangu nikiwa darasa la sita. Kuanzia mwaka jana nimepunguza vinyago vya ujamaa na vya Wamasai, nachonga ninayoyaona: abiria waliobanana kwenye daladala, mtu aliyeinamia simu, bodaboda na mzigo wa magodoro. Mjomba anasema hivyo si vinyago, ni vichekesho. Mteja mmoja Mzungu alikishika cha daladala, akakirudisha mezani, akasema anatafuta kitu cha asili. Nimekutumia picha mbili. Naomba uniambie ukweli: nikichonga maisha ya leo nimeacha umakonde? Na nikiendelea, nifanye nini ili kazi isionekane ya utani?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Picha zimefika, nimezikuza hadi nikaona patasi ilipopita. Umakonde hujauacha, na hilo nitalimaliza mapema kwa sababu ndilo rahisi. Lakini mjomba wako naye ana hoja, na hoja yake itakufaa kuliko sifa nitakazokupa mimi. Vumilia nikifika huko.

Siku moja akiwa ametulia, chai iko mkononi, muulize kwa adabu: ujamaa anaouchonga ulianza lini? Ule mnara wa watu waliopandana, unaouzwa leo hadi kwenye maduka ya uwanja wa ndege kama kitu cha tangu enzi na enzi, una umri wa mzee aliyestaafu juzi juzi. Anayetajwa kuuanzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyekuja Dar es Salaam kutoka Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Alichochonga yeye walikuwa wacheza mieleka: mshindi kainuliwa juu, wenzake chini wamembeba. Kwa Kimakonde kazi hiyo ikaitwa dimoongo, yaani nguvu. Kisha likaja Azimio la Arusha, 1967. Neno ujamaa likawa redioni asubuhi na jioni, na kinyago cha wana mieleka kikapata jina jipya, wakaongezwa na akina mama, watoto, wazee, watu wenye vibuyu na majembe. Kwa maneno mengine, kinyago ambacho mjomba anakiona ndiyo mila yenyewe kilibatizwa na taarifa ya habari.

Kinyago cha shetani nacho ni cha juzi vilevile. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa mtindo huo, miaka ile ile, na mlango wake wa sokoni ulikuwa duka la Mohamed Peera hapa hapa Dar es Salaam. Majini na mizimu Wamakonde walikuwa nayo tangu zamani, lakini kuitoa kwenye mpingo ikiwa na jicho moja, mguu uliopinda na titi lililogeuka sikio, hilo lilikuwa jipya kabisa kwa mchongaji na kwa mnunuzi. Wapo wazee wa wakati ule walioyaona yale maumbo wakashika vichwa. Sina shaka mmoja wao aliita kichekesho.

Hata mpingo wenyewe tuuangalie vizuri. Wamakonde wengi waliochonga Tanganyika walivuka Ruvuma kutoka nyanda za juu za Mueda kuja kutafuta kazi, wengi wao kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na Tanga. Mtu anakata mkonge mchana, jioni anachonga chini ya mwembe, Jumapili anatembeza. Vinyago vya ngoma vilichongwa kwa miti myepesi, kwani nani atacheza usiku kucha na mpingo kichwani? Wanunuzi wa Kizungu walipenda weusi na uzito wa mpingo, wachongaji wakausoma upepo. Hapo pana uhamiaji, kibarua, ukoloni na soko, vyote ndani ya gogo moja. Ukiniuliza umakonde ni nini kwenye uchongaji, nitakuonyesha hilo: watu waliohama, wakaangalia walikofika, wakachonga walichokiona.

Na kama mjomba atasema hayo yote ni mambo ya kuuza, mpeleke jandoni, kwenye mapiko, vile vinyago vya kuvaa vya ngoma. Pale kinyago hakiuzwi, kinachezwa, na wanaokicheza hawana haja ya kumpendeza mtalii. Lipiko la zamani linavaliwa kama kofia ya chuma, limeshonewa nywele halisi za mtu, usoni lina nembo, zile chale za Kimakonde. Ila nyuso zenyewe! Humo utamkuta Mreno na pua yake, Mhindi wa duka, Mmakua jirani, askari wa serikali aliyekuja kudai kodi. Yeyote aliyeingia kijijini kwa kishindo, msimu uliofuata alikuwa ameshachongwa na anachezwa mbele ya watoto, na watoto wanacheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Kama gari, simu na bodaboda zingeingia Mueda mwaka 1920, zingechongwa mwaka 1921.

Wenzetu wengine nao wako hivyo. Wabaule wa Ivory Coast wana sanamu ya mwenza wa ulimwengu wa pili, yule mume au mke ambaye mtu aliachana naye kabla ya kuzaliwa, ambaye asipotunzwa anaweza kukuharibia ndoa na riziki. Hilo ni jambo zito la ibada. Lakini baadhi ya sanamu hizo zimechongwa zikiwa na suti, kofia, hata saa ya mkononi, maana nani anataka mwenza maskini? Mzungu wako aliyetaka kitu cha asili angeiona hiyo angesema imeharibika.

Basi hilo la umakonde tuliweke kando. Sasa picha.

Ya pili kwanza, ya mtu na simu, kwa sababu ndiyo inayompa mjomba neno lake. Nilipoifungua, jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye simu. Umechonga kamera tatu mgongoni, umechonga ufa kwenye kioo, pembeni kuna vitufe vya sauti vidogo kama punje za ulezi. Ufundi upo, hakuna wa kubisha. Nikatabasamu, nikasema "huyu kijana ana mkono", nikafunga picha. Nilipofunga ndipo nikagundua kwamba sikumbuki uso wa yule mtu, wala alikuwa mwanamume au mwanamke. Nilikumbuka simu tu. Umechonga simu yenye mtu, kijana wangu.

Rudi uangalie vinyago vya wazee, vile vya mtindo wa binadamu: mama na mtungi, mzee na kiko, mvuvi na samaki wake. Mtungi wenyewe ni duara tu, haujapambwa. Uzito wa maji unauona shingoni kwa mama, kwenye ule mshipa unaoteremka hadi begani, na kwenye namna nyonga moja ilivyopanda. Mchongaji hakujisumbua na mtungi kwa kuwa mtungi haufanyi kitu. Mwili ndio unaofanya.

Simu inamfanya nini mtu? Kaa kituo cha Mwenge nusu saa uangalie, usiwe na simu mkononi. Kidevu kinaingia kifuani. Fundo la mfupa nyuma ya shingo linatokeza. Mabega yanakuja mbele kama ya mtu anayesikia baridi, kwenye joto la Dar! Kidole gumba kinafanya kazi peke yake, vingine vinne vimelala chini vikishikilia kitu kama kitanda. Na uso unamulikwa kutoka chini. Mpingo hautoi mwanga, lakini ukiulainisha uso kwa msasa laini kabisa na nta, ukauacha mwili wote na alama za patasi, uso utameta na kila mtu ataelewa unametaje.

Sasa nakupa ushauri ambao utakuuma: iondoe simu. Ikate yote, uache kiganja kitupu na kidole gumba kimeinuka. Simu hiyo ya kamera tatu baada ya miaka kumi itakuwa kama redio ya mbao, atakayekinunua kinyago atalazimika kuelezwa ni kidude gani. Kiganja kitupu hakipitwi na wakati, na leo hii hakuna mtu wa Dar, Nairobi wala Bujumbura atakayeshindwa kujua kilichokuwa pale. Hata mzee wa kijijini atajua, labda ndiye atakayecheka kuliko wote. Lakini atacheka akijishika shingo.

Picha ya kwanza, ya daladala, ni habari nyingine. Hapo nilikaa.

Nitakuambia kwa nini, maana sidhani kama wewe mwenyewe umeliona ulichokifanya. Umechukua nguzo ya ujamaa, gogo lile lile, watu waliosokotana toka chini hadi juu, ukaligeuza maana. Kwenye ujamaa kila mtu ana mahali pa kuweka mguu: bega la mwenzake, goti la mwenzake, mgongo wa mama. Huyu anambeba yule. Kwenye daladala yako hakuna anayembeba mtu, ila hakuna anayeanguka. Wamesimamishwa na kubanana tu. Mkono wa mmoja umepita chini ya kwapa la mwingine kutafuta chuma cha kushika, kiwiko cha dada yule mwenye pochi kimejenga ukuta kifuani mwake, na konda kule juu noti amezikunja kwa urefu, amezibana kati ya vidole. Nimepanda daladala miaka mingi na sijawahi kuona mtu akizichonga zile noti. Watu wa karibu kuliko ndugu, ambao hawajuani majina. Mzee Sangwani alichonga umoja wa watu walioamua. Wewe umechonga umoja wa watu wasio na njia nyingine, kwa muundo wake yeye. Hiyo ni hoja kamili juu ya mji wa leo, na umeitoa bila kuandika neno hata moja.

Kosa lako liko kwenye nyuso. Umewachekesha wote. Meno nje, macho yamewatoka, mmoja ulimi umening'inia kama katuni za gazetini. Ndiyo maana mjomba anaona kichekesho. Umemwambia mtazamaji acheke kabla hajaangalia. Abiria wa daladala hacheki, unalijua hilo. Anaweka uso wake kama nyumba iliyofungwa, anaangalia dirishani hata kama hakuna dirisha, anakaa kana kwamba hayupo. Kila mmoja anaangalia upande wake. Kwenye kinyago chenye watu kumi na moja (nimewahesabu) kusiwe na wawili wanaoangaliana. Ukifanikiwa kwa hilo tu, yule Mzungu hatakirudisha mezani haraka vile. Huenda hatakinunua, lakini hakitamtoka kichwani.

Usinielewe vibaya kuhusu utani. George Lilanga, mchongaji na mchoraji wa Kimakonde aliyezaliwa mwaka 1934 huko Masasi na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005, amechekesha dunia nzima. Aliingia Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, akiwa mlinzi, akatoka akiwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi nje. Viumbe vyake vina masikio ya popo, midomo iliyovimba, matumbo mbele, vimepakwa rangi kali za kuwaka: njano, bluu, waridi. Vinanywa, vinasengenya, vinakwenda hospitali, vinapanda baiskeli. Ni shetani wale wale wa Kimakonde ila wamehamia mjini na wamezoea. Lakini kaa mbele ya kazi yake kidogo utaona kwamba wanaocheka ni wao, na wanatucheka sisi. Kwenye daladala yako wewe umetuomba tumcheke abiria. Tofauti hiyo ni ndogo kama unene wa msasa, ila ndiyo inayotenganisha utani unaokaa na utani unaoisha.

Umeniandikia pia kwamba unaangalia sanamu za Wazungu mtandaoni na zinakukatisha tamaa. Zisikukatishe. Kuna bonde kaskazini mwa Italia, Gardena, na mji wake Ortisei. Kwa karne kadhaa familia za huko zimeishi kwa kuchonga watakatifu wa kanisani na wanasesere wa mbao, wakisafirisha nje kwa maelfu. Mtoto anamfuata baba kwenye karakana, Bikira Maria huyu, Bikira Maria yule. Unasikia hadithi hiyo inafanana na wapi? Ni Mwenge yenye theluji. Kutoka bonde hilo hilo wakatokea watu kama Bruno Walpoth, Willy Verginer na Gehard Demetz, wenye mikono iliyozoea kuchonga watakatifu, wakaanza kuchonga watu wa leo. Demetz anachonga watoto kwa kuunganisha vipande vidogo vya mbao, na baadhi ya mianya anaiacha wazi, hata mwilini, kama ukuta ambao fundi aliondoka kabla ya kumaliza. Mtoto mzuri, mtulivu, mwenye mashimo. Huhitaji kuelezwa.

Na Mjerumani Stephan Balkenhol, aliyezaliwa mwaka 1957, anachonga mtu wa kawaida: shati jeupe, suruali nyeusi, mikono mfukoni, uso usiosema kitu. Mtu na kitako anachosimamia vinatoka kwenye gogo moja, na alama za patasi anaziacha zote. Mkao huo wa kutosema kitu ndio uliofanya watu wasimame kumtazama. Ninachokuomba ujifunze kwake ni ule ujasiri wa kuacha. Hapo Mwenge tumejengewa imani kwamba kinyago kisichong'aa hakijaisha, tunakipiga msasa mpaka mtu wa mti anafanana na mtu wa plastiki. Chagua. Sehemu gani unataka mkono wa mnunuzi uteleze, na sehemu gani unataka ukwame?

Kuhusu mti wenyewe, nina mengi, nitajizuia. Mpingo unakua taratibu mno, miaka sabini hadi mia moja mpaka kufikia unene wa kuvunwa, na si wewe peke yako unayeutaka: wanaotengeneza klarineti na zumari za Ulaya wanautaka pia, tena kipande kilichonyooka kisicho na kasoro. Wewe unaweza kuishi na kasoro. Mzee mmoja niliyekuwa nikikaa naye hapo Mwenge alikuwa akipewa gogo lililopinda analimwagia maji, analizungusha taratibu kwenye mapaja, anapitisha kiganja. Siku moja akaniambia, "Humu mna watu wanne. Wa tano amelala." Alipofika kwenye ule ufa wa katikati, akamchonga mtu wa tano amelala kweli, ufa ukawa mkeka wake. Gogo lako la daladala nimeliona lina ule mti mweupe wa nje, chini ya gome, umeuacha pembeni kama mstari. Mzuri. Usiufiche kwa dawa ya viatu. Ungeweza kuupeleka kwa mtu mmoja tu kati ya kumi na moja, awe ndiye aliyevaa shati la ofisini, na usingehitaji rangi.

(Na kwa vile tumetaja dawa ya viatu: wanaopaka nyeusi mti wowote wakauita mpingo wanawaharibia wote. Mteja akifika kwao na kucha yake ikakwangua weupe, hatamwamini hata mjomba wako.)

Si lazima kila wazo liwe mpingo. Chonga mwembe, chonga mninga, chonga mwarobaini. Wenzetu wa Kenya wamefanya kazi kubwa ya kuhamia kwenye mwarobaini na mwembe baada ya miti yao mizuri kupungua, na mwarobaini ukikauka vizuri unashika patasi bila ukorofi. Mti mwepesi unakuruhusu ukubwa. Mtu wa simu akiwa na urefu wa sentimita thelathini ni pambo la mezani. Akiwa na urefu wako, amesimama mlangoni ameinama na mkono mtupu, anakuzuia kupita. Mti wa kijivujivu unapokea rangi pia, kama alivyofanya Lilanga. Mpingo uuweke kwa kazi ambazo uzito na weusi vina maana. Uchonge ungali mbichi, maana ukikauka ni jiwe, na ncha za gogo uzipake nta ya mshumaa siku ile ile unapolinunua ili usipasuke, ulaze kivulini, mbali na upepo wa barabarani. Mambo haya mjomba anayajua kuliko mimi, nayasema kwa sababu vijana wa siku hizi mnapenda kuanika magogo juani kama mihogo.

Jambo moja la makaratasi. Tangu Januari 2017 mpingo na karibu jamii yake yote iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwishoni mwa mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa bidhaa zilizokamilika, ikiwa uzito wa mti huo kwenye shehena hauzidi kilo 10. Mtalii na kinyago chake kimoja kwenye begi hana tatizo upande huo. Lakini ukipata oda ya kupeleka nje sanamu kubwa, anza na ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kabla hujapokea malipo ya awali, kwa sababu sheria zetu za ndani nazo zina vibali vyake.

Sasa yule mteja wa asili. Hana ubaya. Amekuja na picha kichwani, anataka kurudi nayo nyumbani. Muuzie simba wake. Mimi si katika wale wanaomwambia kijana mwenye kodi ya chumba aache simba ajitafutie sanaa. Ila angalia lililowapata majirani zetu Wakamba. Anayetajwa kuwaanzishia uchongaji wa kibiashara ni Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyeuona uchongaji wa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Biashara ikakua, ikafika Mombasa, ikafika Ulaya. Ilipokua sana, mtu mmoja akawa anachonga twiga, maisha yake yote twiga, mwingine anachonga miguu ya swala. Kazi inakwenda haraka, bei inashuka, na mkono unasahau mengine yote. Kwa hiyo weka meza mbili. Meza ya mbele inalipa kodi. Meza ya nyuma, yenye kitambaa, ndiyo yenye daladala, na hiyo usiwaruhusu wenzako waichonge nakala kwa mafungu, hata wakikuomba kwa jina la ujirani. Wape simba.

Kwa kazi za meza ya nyuma, chini ya kitako chonga jina lako, mwaka, na jina la kinyago. Kwa Kiswahili. Wazee wetu wengi waliuza bila jina, na leo kazi zao ziko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani zikiwa zimeandikwa "Mmakonde, Tanzania", kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja. Jina la kinyago lisieleze kilichomo. "Abiria" ni jina bovu, wote tunaona ni abiria. Msemo wa konda ungefaa, ule wa kuwasogeza watu nyuma: "Nyuma Bado Kupo". Hilo ni jina, tena lina maana mbili. Piga picha pande nne kwa mwanga wa asubuhi, uzihifadhi pamoja na vipimo, aina ya mti na jina la aliyenunua. Yule mtu wa makumbusho akija siku moja, hilo ndilo la kwanza atakalouliza.

Bei sikupangii. Ila hesabu siku ulizotumia, zile za kuangalia kituoni pia uzihesabu.

Mjomba usibishane naye. Kwenu Wamakonde mjomba ana neno, tena kwako ni mjomba na mwalimu. Kichukue kile cha daladala, ukiweke mbele yake, usimuulize kama ni kinyago. Muulize kitu cha kifundi: huyu wa tatu kutoka chini, bega lake limekaa sawa? Kwenye picha mimi naliona limekaa juu mno, kama limebandikwa, na nadhani patasi ilikimbia kufuata nyuzi za mti. Mpe yeye tezo alirekebishe. Mchongaji aliyeshika patasi miaka arobaini hawezi kuliona bega baya akalinyamazia.

Kisha nitumie picha ya tatu: yule mtu wa simu, baada ya kuiondoa simu. Usimpige kwa mbele. Zunguka nyuma, chuchumaa kidogo, nione shingo.